Dakika Kumi Nje ya Geti

Mwaka umekatika sasa, mpendwa wetu, tangu jioni ile ulipoegesha lori nje ya geti, ukazima injini, na hukushuka.

Watu wakisikia "dereva wa lori" hufikiria safari ndefu na mipaka. Wewe hukuwahi kulala nje ya nyumba yako hata siku moja kwa sababu ya kazi. Kwa miaka kumi na tisa ulizunguka mji huu huu: unachukua mzigo ghalani asubuhi, unaupeleka kwa mwenyewe, unarudi ghalani kuchukua mwingine. Magodoro, vioo vya madirisha, kreti za soda, mafriji, makochi yasiyopita mlangoni. Shemeji yako alizoea kukutania, "Dereva gani wewe, hata zawadi ya safari hatuijui?" Ukamjibu siku moja huku ukijikanda kiuno, "Leo nimetoka mbali sana, shemeji. Nimetoka ghorofa ya nne."

Walikuita Taratibu. Jina hilo ulipewa na wenye duka la vioo, kwa sababu ulipita kwenye matuta kana kwamba umelaza mgonjwa huko nyuma. Wenye haraka zao walikupigia honi, wakakutukana, na wewe ukawapungia mkono. Yuko bibi mmoja uliyempelekea kitanda. Karatasi ilisema ukishushe mlangoni tu, lakini ulimkuta peke yake, ukaazima bisibisi kwa jirani, ukakaza skrubu moja baada ya nyingine mpaka kikasimama, ukamtandikia na shuka. Siku hiyo ulichelewa, ukagombezwa kazini, ukaja ukagombezwa na nyumbani. Hukusema sababu. Tuliisikia kwa huyo bibi mwenyewe, msibani.

Lakini tusikupambe kupita kiasi, maana ungetucheka. Ulikuwa mtu wa kuchoka. Ulisinzia kijiko kikiwa mkononi. Ulisinzia kwenye harusi ya mdogo wako, na picha ipo. Magoti yako yalilia ukipanda ngazi tatu za barazani, na viatu tulikuvua kwa zamu, mguu mmoja huyu, mguu mwingine yule. Kuna miaka ambayo tukiulizwa baba yenu yukoje, jibu la kweli lingekuwa kwamba amelala.

Na kulikuwa na zile dakika kumi. Kila jioni ulifika, ukazima injini, ukabaki umekaa humo humo nyuma ya usukani. Mwanzoni mwa ndoa yenu jambo hilo lilimchoma mkeo. "Mtu gani huyu anafika kwake halafu anakaa nje kama mgeni?" Alikuwa akitoka na kukugongea kioo, nawe unashuka umenuna, na jioni yote inaharibika. Mpaka siku uliyomwambia kwa upole, "Mama watoto, mizigo ya watu nimeishusha yote. Nipe dakika kumi nijishushe na mimi." Basi ikawa sheria ya nyumba. Lori likisimama, redio inapunguzwa, sauti zinashuka, na hakuna anayekwenda kukusumbua. Hata majirani walijua.

Jumapili iliyopita tulikaa mezani kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Kalamu alishika mwanao wa kwanza, muuguzi wetu. Aliandika kwamba ulituacha ghafla, kama watu wanavyoandika. Mkeo alikuwa amesimama karibu na jiko, maana tangu uondoke hajakaa kwenye meza ile. Mwaka mzima amekula kwa kusimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kiti chake cha dirishani alikigeuza kikatazama ukuta. Tulimsihi, tukamnunia, tukamletea hadi mchungaji na daktari. Amekonda mpaka nguo zake zinapunguzwa kila baada ya miezi miwili.

"Futa hapo," akasema. "Hakuondoka ghafla. Alikaa pale nje saa nzima na robo, na mimi namtazama."

"Mama, daktari si alisema moyo ulisimama mara tu alipofika? Alisema hata tungekuwa tumekaa naye..."

"Daktari hakuwepo dirishani. Nilikuwepo mimi."

Ndipo akatuambia. Asubuhi ile mlikuwa mmekosana. Ulimwahidi utawahi kurudi mwende pamoja kumwona mama yake, ukarudi saa kumi na moja na robo, na safari ilikuwa imeshakufa. Akakuona umeegesha. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini, na hasira yake ikapanda badala ya kushuka. Akajua umenuna na wewe. Akafunika chakula chako, akasema kwa sauti, peke yake jikoni: "Akitaka kula atashuka mwenyewe." Maneno hayo ndiyo amekuwa akiyatafuna mwaka mzima badala ya chakula. Alipotoka hatimaye kukugongea kioo ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Dada yako, yule fundi cherehani anayekaa chumba cha uani, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Wifi, mimi nilipita."

"Ulipita wapi?"

"Pale pale, ubavuni mwa lori. Nilikuwa natoka kununua uzi. Nikamwona kaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikasema maskini, leo kachoka kaka yangu. Nikavua ndala nikazishika mkononi, nisije nikamwamsha."

Mkeo alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mwanao wa pili, mwenye pikipiki, akaanza kulia kabla hajasema lolote. Yeye alizima injini tangu kona, akaisukuma pikipiki kwa mkono mpaka ndani, ile yenye kelele uliyokuwa ukiilalamikia. Siku ile alijisifu moyoni kwamba amekuwa mtoto mwenye adabu.

Muuguzi wetu aliilaza kalamu. Tulidhani atatueleza tena habari za moyo, maana ndiye anayezijua.

"Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira pale," akasema. "Niliwafukuza. Niliwaambia baba amelala, nendeni mkacheze mbali. Mimi, ninayeshika mikono ya watu kutwa nzima kupima mapigo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mlango wake."

Siku chache baadaye tulimwita pia utingo wako, mzee mwenzio uliyekuwa ukishusha naye mizigo, tumwambie. Naye akainamisha kichwa. Alisema ulimlalamikia bega la kushoto tangu mchana, naye akakujibu ni lile friji tu mlilobeba asubuhi, maumivu yataisha.

"Kwa hiyo wote mlimwona," mkeo alisema pale mezani Jumapili ile, kabla hatujamwita utingo.

"Wote, mama."

"Na wote mkanyamaza. Mwaka mzima, kila mtu na lake."

Alivuta kiti, akakaa. Alikaa tu hapo katikati yetu, amechoka kama ulivyokuwa ukichoka wewe, na baada ya muda akauliza kama kuna chakula kilichobaki.

Hatukuandikii haya ili tujisafishe. Tumechoka, baba, na uchovu huu hauishi kwa kulala. Lori lilirudi kwa tajiri wako siku ya tatu, linaendeshwa na mwingine mwenye haraka, linapita hapa likirukaruka kwenye matuta. Humu ndani siku hizi hakuna anayejinyoosha mchana bila mtu kuja kumgusa bega. Inaudhi, lakini hakuna anayekataza.

Tunaokukumbuka ni mkeo, aliyekuwa dirishani. Dada yako, ndala mkononi. Mwanao wa kwanza na wa pili. Shemeji yako mtani, ambaye hakuwepo na anasema hilo ndilo linalomuuma. Na utingo wako, ambaye ametuomba tumweke humu kama ndugu. Hata siku moja hutatoka mioyoni mwetu. Ulikaa pale ukidhaniwa umelala, na kila aliyepita alipita kwa mapenzi, akinyata. Laiti tungejua, tungekugongea kioo sote kwa pamoja, ushuke umenuna, utugombeze mmoja mmoja.