Neno la Enid

Mtaa wa Kinu,
Spilsby, Lincolnshire.
9 Februari 1987

Mpendwa shemeji Thirza,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Hujambo huko Tasmania? Goti lako bado linatabiri mvua? Mimi mzima, na bado ndimi mwanamume mzuri kuliko wote mtaa huu. Wenzangu wengi walishakufa.

Dada yako Enid si mzima, shemeji. Amebaki mifupa na ulimi.

Unaukumbuka mchezo wetu wa Ijumaa pale baa? Mtu anachomoa neno gumu kwenye kamusi, sisi tunabuni maana, na anayeaminiwa na wengi ndiye mshindi. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mbili nimewagaragaza walimu wawili na kasisi.

Basi mwezi uliopita Enid karudi kutoka hospitali na karatasi. Kaweka kidole kwenye neno moja. "Haya bingwa, hili nini?"

Nililijua. Lilishawahi kutokea kwenye mchezo pale baa. Ni mwili kujila wenyewe kwa ugonjwa, mpaka unakwisha.

Nikamwambia, "Ah, hiyo kacheksia. Mwili unapunguza mzigo ili upate kupona." Wala sikupepesa jicho. Katika maisha yangu yote sijawahi kudanganya vizuri vile.

Akawa analitangaza. Kwa muuza nyama: "Nipimie kidogo tu, nina kacheksia." Maskini yule hakujua aseme pole au hongera. Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Jana namlisha supu, kijiko cha tatu kakisukuma. Nikamtania, "Kula, mama, hiyo kacheksia yako imezidi bidii."

Akanitazama. "Kakeksia, Horace. Hiyo ch inasomwa k. Nesi alinifundisha siku ileile."

"Alikufundisha kuisoma tu?"

"Kunywa hiyo supu wewe, inapoa."

Nikainywa. Kumbe mwezi mzima alikuwa ananiachia nishinde.

Daktari sasa anahesabu wiki, hataji miezi. Panda ndege, shemeji, usingoje nauli ishuke. Na ukifika usimletee maneno matamu, humu ndani yamekwisha kazi. Mletee ile jamu yako ya aprikoti kavu, anaitaja.

Nisalimie mwanao Clem na wale mapacha wake wakorofi. Mungu akushike huko angani mpaka ukanyage mlango wetu, na dada yako awe bado anaweza kukufumbulia macho.

Wako akupendaye, na leo hajakudanganya,
Horace