Hodhi la Baba Mkwe

Jumanne, 9 Juni 1998
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne, nimepika, nimefua. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nguo zimegoma kukauka. Miguu imevimba. Zimebaki wiki nne nijifungue, au chini.

Naogopa. Niseme tu, hapa hakuna anayesoma. Kwa uzazi wa Neema, binti yangu, niliumwa siku mbili, nikachanika, nikashonwa vibaya. Sasa ana miaka mitano na bado naziota siku zile.

Jumapili, 14 Juni
Baada ya ibada nimepita kwa Mama Tusekile, mkunga wa zahanati yetu. Nimemwonyesha gazeti moja lenye picha ya mama Mzungu anazaa ndani ya maji huku anatabasamu. Kacheka. Kisha kanieleza bila kunificha, maana aliwahi kulisikia jambo hili kwenye semina Mbeya.

Maji ya uvuguvugu yanalegeza mgongo. Uchungu unapungua, na huenda nisichanike sana. Lakini damu ikimwagika majini huwezi kujua ni kiasi gani. Maji yakichafuka mtoto anaweza kuugua, yakipoa na yeye anapoa. Na mambo yakiharibika, nani atamtoa haraka mwanamke mzito anayeteleza?

Tumekubaliana: uchungu nikae majini, mtoto nimzalie kitandani. Nimekubali kwa mdomo. Moyoni nataka yote majini, kama yule wa kwenye picha.

Chombo ndicho hakuna. Zahanati ina mabeseni tu.

Jumatano, 17 Juni
Hodhi la kuogea mtu amelala ninalijua moja tu katika kijiji chetu chote cha Masoko. La baba mkwe. Shamba la chai lilipouzwa kwa wamiliki wapya, vitu vya nyumba ya meneja vilitolewa nje vikauzwa, mzee akarudi na dude la chuma. Kila Jumamosi anachemsha maji, anajilaza humo nyuma ya nyumba yake.

Shida ni kwamba mimi na yeye hatuonani. Ndiyo desturi ya kwetu. Mkamwana akisikia mkwe anakuja, anachepuka migombani. Miaka saba sasa, sijawahi kumtazama usoni. Leo nikalale uchi alipolala yeye?

Nimemwambia mume wangu, Lusajo. Kacheka mpaka kakohoa. Mjinga. Lakini kaenda kumwambia mama yake.

Ijumaa, 19 Juni
Mama mkwe kaja mbio, kanga inamdondoka. "Ugwe, wewe! Mkamwana aingie kwenye hodhi la mkwe wake? Unataka tusemwe mpaka Tukuyu?"

Nimejifungia chumbani nikalia. Nina hasira na desturi, na tumbo, na Lusajo ambaye kazi yake ni kucheka.

Jumatatu, 22 Juni
Hakuna habari ya hodhi. Sijalala vizuri.

Alhamisi, 25 Juni
Siamini. Wanaume sita wamebeba hodhi kupita migombani mpaka zahanati! Limesuguliwa kwa majivu, linang'aa.

Mama mkwe kaleta ujumbe, anaangalia pembeni. "Baba yenu anasema si lake tena. Amelitoa kwa zahanati. Kwa hiyo hakuna mkamwana anayeoga kwa mkwe."

Mzee mjanja! Nimelia tena, safari hii kwa furaha. Jumamosi ataoga kwa ndoo, na baridi hii.

Jumapili, 5 Julai
Jana. Niandike kabla sijasahau.

Uchungu ulianza alfajiri. Saa tatu asubuhi nikaingia majini. Lusajo anachemsha nje, mama mkwe anabeba ndoo, Mama Tusekile anapima joto kwa kiwiko. Mgongo ukalegea. Uchungu ulikuwepo, lakini sikuwa naukimbia. Niliimba! Mimi, niliyemng'ata muuguzi mkono kwa Neema.

Maji yalikuwa yanapoa upesi. Kila mara nainuliwa ili mkunga asikilize moyo wa mtoto. Inachosha.

Saa saba akaona ukijani majini. Mtoto amejisaidia humo tumboni. Akasikiliza moyo, uso ukabadilika. "Toka."

Nilikataa. Aibu kuandika, lakini nilikataa. Nilishika kingo za hodhi, nikasema nazaa humu humu. Hakubishana. Akasema, "Moyo wake unapungua, mwanangu."

Nikatoka. Mkunga kanishika huku, mama mkwe huku, nateleza kama kambale. Nilisukuma mara tatu kitandani. Mtoto wa kiume, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi ya bluu. Halii. Mama Tusekile akakifungua, akamsafisha kinywa, akamsugua mgongo kwa taulo. Sijui ilichukua muda gani. Nilijilaumu kila sekunde niliyong'ang'ania.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia.

Sijachanika.

Ijumaa, 10 Julai
Mwalimu Lugano wa darasa la pili ana mimba ya miezi sita. Kaniuliza kama maji yanafaa. Nimemwambia yote, uzuri na ubaya. Aingie, lakini akiambiwa toka, atoke.

Jumapili, 19 Julai
Jua kidogo. Mama mkwe kambeba mtoto kumpeleka kwa babu yake, mimi nikabaki jikoni kwao na Neema, nimeupa mgongo mlango.

Nikasikia sauti ya mzee uani. Alikuwa anaongea na mtoto wa wiki mbili, kwa sauti ya kufika jikoni. "Karibu, bwana mdogo. Niambie, mama yako amepona?"

Nikamgeukia Neema, nikapaza sauti. "Neema, mama amepona. Amepona kabisa."

Kule nje mzee akamshukuru mjukuu wake kwa lugha ya kwetu, "Ndaga."