Reli ya Kuwafaa Askari Wangu

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la saa
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anajipikia chai yenye sukari ya kuutosha mzinga mzima wa nyuki? Sisi tu wazima, tunakula na kulala vizuri, na wifi yako ananigombeza kama zamani, kwa hiyo ujue nyumba imetulia.

Jicho la kushoto ndiyo basi tena. Daktari ameliangalia mara ya mwisho na kusema halitarudi. La kulia ni zima.

Uliponiambia kwenye simu nigawe askari wangu wa mezani na nifunge duka, nilinyamaza kwa heshima, si kwa kukubali. Wewe ni mkubwa wangu. Lakini sifungi, na siwagawi. Nimeona nikueleze kwa utulivu.

Shida ya jicho moja si giza, Dada, ni umbali. Nilimimina chai kando ya kikombe. Nilipompaka askari rangi, brashi ilipita hewani mbele ya uso wake, nami nikidhani nimemgusa. Kwenye saa ndiyo usiseme, bisibisi ilitua kila mahali isipokuwa kwenye skrubu. Nikaona mkono huu lazima ujifunze kazi upya, na ujifunzie kwenye kitu kikubwa kuliko saa. Nikaamua kujenga reli katikati ya meza yetu ya vita.

Shemeji atacheka, basi mweleze kwamba huu ni mchezo wa watu wazima wawili, rula, dadu, na majeshi ya askari wenye kimo cha kidole gumba. Mpinzani wangu ni yule kinyozi wa jirani, tunayemwita Wembe.

Kwanza nilinunua reli ya treni za kuchezea, ile ndogo inayopatikana kila mahali. Nikamsimamisha askari kando ya behewa. Kichwa chake kilipita paa. Wembe akasema huyo haendi kupanda treni, anaenda kuibeba.

Nikaazima reli kubwa kwa fundi redio. Hapo askari alipendeza hasa, mlango wa behewa ulimtosha, magurudumu yakamfika kiunoni. Lakini reli ya aina hiyo haipindi upesi. Ili treni igeuke ilibidi njia itoke mezani, ipite juu ya kiti, ielekee kwenye friji. Wifi yako alisimama mlangoni, akaitazama, akasema, "Friji yangu haiendi vitani."

Watu walinishauri nichore tu njia kwa chaki. Nilikataa. Nilitaka chuma ninachoweza kukigusa.

Jibu nililipata kwa kupapasa. Askari hawa wamegandishwa kwenye visahani ili wasianguke, na kile kisahani huwaongezea kimo. Kwa hiyo nikarudi kwenye ile reli ndogo, nikainua njia nzima juu ya tuta la mchanga na gundi, treni nayo ikapanda. Kisha nikaifanya njia nyembamba, kama zile za migodini na mashambani, ambako treni pana hupita juu ya reli zilizokaribiana. Niling'oa mataruma yake ya plastiki, vile vipande vinavyolaliwa na reli, na kukata mengine ya mti, manene, marefu, yaliyoachana. Behewa nikalijengea mwili mpya, mpana, wenye mlango wa kumtosha askari. Njia ikapinda vizuri, na yote ikaenea mezani.

Kila taruma nililiweka kwa ncha ya kidole kwanza, ndipo jicho likafuata. Mwanzoni nilipaka gundi kwenye kucha zangu zaidi ya kwenye mti. Kazi ilipokwisha, chai ilikuwa inaingia kikombeni.

Jana tulicheza. Wembe alikuwa na nafasi ya wazi ya kuteka stesheni yangu, lakini akawapeleka askari wake kichakani, kusikokuwa na mtu. Akafanya hivyo tena. Nikaweka rula chini.

"Unanihurumia," nikamwambia.

"Hapana, ni mbinu tu."

"Wembe, mimi bado nakuja kunyolewa kwako. Wewe ukiniona sifai kushindana, useme, nitafute kinyozi mwingine."

Akainama, akajikuna shingo. Kisha akawatoa askari wote kichakani, akawapanga kando ya reli, akarusha dadu. Dada, alinipiga vibaya sana. Aliteka stesheni, akateka treni, akaondoka akiimba barabara nzima. Wifi yako aliponikuta nimekaa peke yangu mezani alidhani nimeumia. Nilikuwa nimeshiba furaha.

Leo, baada ya chakula, nilifungua saa ya yule mwalimu wa jirani. Skrubu ilinikimbia, nikaifuata kwa kidole, nikaiweka mahali pake. Saa inatembea. Kesho asubuhi nafungua duka.

Nisalimie shemeji, mwanao fundi umeme na mkewe, na shangazi akija kukutazama. Mungu awatunze nyote na awape amani mlangoni na mezani.

Mdogo wako akupendaye, leo na siku zote,
Fundi Saa