Koki Moja Kuukuu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto wote hapo nyumbani. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba siku hizi kazini wanakuruhusu kukaa kidogo badala ya kusimama kutwa. Sisi hapa katika nyumba yako uliyotuachia ni wazima, isipokuwa mtoto wangu wa mwisho ana mafua yasiyo na adabu, na mimi sindano ya cherehani imenichoma kidole, ndiyo maana mwandiko umekaa upande.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya kopo la vifungo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikujibu kichwani kila ninaposhona. Umesema mtu aliyekiri wizi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya hakimu, huna undugu naye, na kwamba mdogo wetu Spana akitoka gerezani asikanyage nyumba yako. Sasa nisikilize, maana wewe umesikia mwisho wa habari tu, na huo mwisho umeusikia kwa watu.

Spana aliitwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama wa nyumba yenye geti jeusi, amfungie koki mpya ya jikoni. Akafunga. Ile ya zamani, iliyokuwa ikidondosha maji miezi na miezi, akaitia mkobani. Umekulia nyumba moja na fundi bomba, unajua mwenyewe kwamba koki mbovu huondoka na fundi. Ataifungua, atoe nati na vipande vilivyo vizima, vimfae kwa mteja mwingine. Mwalimu mwenyewe alimwambia aondoke na takataka zake zote, kisha akawahi safari. Getini alikuwapo mlinzi mgeni, ana wiki moja tu kazini. Akapekua mkoba, akaona shaba, akapiga simu kituoni. Angetoka na koki hiyo hiyo huku kwetu uchochoroni, wangemsindikiza kwa shukrani.

Alikaa mahabusu siku nne. Nilikwenda kila siku. Siku ya kwanza mpelelezi hayupo, ya pili yupo lakini faili halipo, ya tatu vyote vipo lakini ni saa ya chakula. Siku ya nne wakampeleka mahakamani.

Nilikaa benchi la nyuma nikaona mambo. Kabla yetu aliitwa kijana mmoja mwenye gari, aliyeparamia meza ya muuza mboga na kumvunja mama wa watu mguu. Soko zima lilimwona, na bado alikana kwa sauti ya kushiba, kisha wakili wake akasimama kusema mteja wake ana kikohozi. Hakimu akampa pole, kesi ikaahirishwa mara ya sita. Muuza mboga akachukua magongo yake akarudi alikotoka. Halafu akaitwa Spana. Hana wakili, hana hata mkanda maana waliuchukua kituoni, amesimama ameshika suruali kwa mkono. Akasomewa shtaka kwa mbio za mtu anayewahi kufunga duka. Akaulizwa kweli si kweli. Akasema ni kweli, amekosa, anaomba radhi. Hata dakika tano hazikufika. Miezi kumi.

Mwalimu aliporudi safari alishika kichwa. Tukafuatana kituoni, akaeleze kwamba koki alimwachia mwenyewe. Wakasema faili limeshakwenda mahakamani. Mahakamani karani akasema kesi imekwisha, yeye hafungui kilichofungwa. Gerezani wakasema wao wanapokea tu, hawahukumu. Mama wa watu, aliyefundisha nusu ya makarani hao kusoma, alirudi nyumbani viatu mkononi. Nimechoka, Kaka. Nimechoka na milango ambayo kila mmoja unakuonyesha mwingine. Ukiwa mnyonge, haki yako huwa ni kuambiwa njoo kesho.

Mwishowe tulimpata wakili wa msaada, binti mdogo, ofisi yake ina kiti kimoja cha wageni na amekipa mafaili. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenisikiliza mpaka nikamaliza. Alisema rufaa ya mtu aliyekiri ni mlima, lakini unapandika. Mwalimu ataapa kuhusu koki, na tukipata wa kuapa kwamba Spana alikiri kwa kushauriwa vibaya, bila kuelewa anakubali nini, huenda wakamsikiliza. Karatasi lazima ifike mahakamani kabla ya Ijumaa ijayo, ikiwa na sahihi ya Spana. Na Spana amekataa kutia sahihi. Nimekwenda mara mbili, wakili mara moja. Anaangalia ukuta, anasema miezi kumi itapita, tumwache.

Sasa nafika pagumu. Unakumbuka sheria ya marehemu mama. Ugomvi ukizuka, mdogo aseme nimekosa, awe amekosa au hakukosa, mkubwa aseme yamekwisha, watu wale, walale. Ulivunja kioo wewe, Spana akaomba radhi. Nilimwaga maziwa mimi, Spana akaomba radhi. Tulikaa kwa amani, nami nikadhani dunia nzima imelelewa na mama yetu.

Asubuhi ile ya mahakama, walipomshusha garini, nilipata nafasi ya kumsogelea. Aliniambia atakana, kwa kuwa hakuiba. Mimi nikamwambia asijifanye mjuaji mbele ya wakubwa. Aseme ni kweli, aombe radhi, hakimu ataona ana adabu, atasema yamekwisha, na jioni tutakuwa nyumbani. Akabisha. Nikamwambia mimi ni dada yake, nimeona mengi. Na alipoulizwa kweli si kweli, aligeuka akanitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa.

Huyo mshauri mbaya anayetakiwa kuapa ni mimi, Kaka. Ndiyo sababu Spana hataki kusaini. Kwa ujinga wangu nilikuwa nimemweleza uliyoyaandika, naye akapiga hesabu yake. Kama yeye umemfukuza, je, aliyemtia maneno hayo mdomoni, anayekaa na watoto watatu chini ya paa lako? Ameamua kubaki kule ndani ili mimi nibaki humu ndani. Mimi hakuniambia. Alimwambia mwalimu alipokwenda kumwona, akamsihi anyamaze, na mwalimu ameshindwa kunyamaza.

Basi nimekuandikia ili asiwe na kitu cha kunifichia. Jumatano ni siku ya kutembelea. Nitamwambia Kaka anajua yote, nimemwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, achukue kalamu. Ukiamua nihame, niambie, nitahama, cherehani naibeba kichwani. Lakini kama bado una hasira na mtu aliyekiri, nikasirikie mimi. Yule tangu utotoni hajawahi kukiri kosa lake mwenyewe. Amekuwa akikiri ya kwetu.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mwalimu naye anakusalimu, ingawa hakujui. Nijibu hata kwa mstari mmoja, ila ukiwa na karatasi moja tu, mwandikie Spana.

Ni mimi dada yako,
fundi cherehani