Riboni za Ruqaya

Nyakabiga, Bujumbura

Mdogo wangu Amur,

Assalam aleikum. Kifua chako kimepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ukiondoa goti langu, ambalo huamka kabla yangu na kulala baada yangu. Ruqaya mwanao hajambo. Amerefuka vidole vinne tangu Ramadhani. Nimempima mwenyewe, na unajua kupima ndiyo kazi yangu.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kama mwaka huu tena hakuna nafasi ekole materneli, hiyo chekechea ya huku, Septemba utakuja umchukue akasome huko Kigoma. Wewe ndiye baba, sina la kubisha. Ila usikate tiketi kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze tunavyoishi. Asubuhi, uji ukishanyweka, natandika mkeka pembeni ya cherehani na darasa linafunguliwa kwa bismillahi. Tunaanza na vifungo: vya matundu mawili huku, vya manne kule. Halafu herufi, kwa chaki ya fundi, juu ya kitambaa cheusi ambacho mwenyewe hajaja kukichukua tangu mwaka juzi. Baadaye usingizi. Hicho kipindi cha usingizi mwalimu hukihudhuria kwa bidii kuliko mwanafunzi. Jirani yetu Spès hupita na kuniuliza hiyo ekole yangu inatoa diplome lini, nami humjibu asubiri, direktrisi, huyu mwalimu mkuu wa mkekani, bado yuko darasa la tatu. Nilikoachia shule unakujua.

Sasa sikiliza. Kiangazi kilipoanza, Ruqaya aliniomba ile rula yangu ya mbao ya mita moja. Akaisimamisha uani ndani ya kopo la mchanga. Kila wakiadhini adhuhuri na alasiri, anatoka na kipande cha riboni, anakilaza juu ya kivuli cha rula, anakikata pale kivuli kinapoishia. Nilidhani ni mchezo. Nilichonung'unikia ni riboni tu.

Siku ya tisa au ya kumi akalaza chini riboni ndefu ya alasiri, na rula pembeni yake. Riboni ikazidi. Akaitazama ile iliyozidi kwa muda mrefu, kama mteja anayetafuta kasoro. Kisha akachukua riboni fupi ya adhuhuri, akaiweka juu ya ile ziada. Zikalingana, Amur. Akarudia na za jana, na za juzi. Zikalingana.

Kesho yake nilikuwa na pini mdomoni, nakunja pindo la gauni la Spès, naye Spès kasimama ndani yake. Mtoto akaingia kutoka uani na riboni mbili, moja ya kimo cha rula na moja fupi ya adhuhuri ile, akasema, "Shangazi, sasa wataadhini." Kabla sijatoa pini ya mwisho, mwadhini akaanza.

Unamkumbuka marehemu Baba akiwaeleza wanaume wazima dukani kwamba alasiri inaingia kivuli kikitimia kimo cha kitu, ukijumlisha kile kivuli kidogo cha adhuhuri? Nusu yao walitikisa kichwa tu ili wapewe kahawa. Mimi sijawahi kumwambia Ruqaya neno hilo. Wallahi sijamwambia. Ameliokota mwenyewe uani, hajatimiza hata miaka mitano. Spès akaniuliza, "We unamufundisha mutoto, ao yeye ndiye anakufundisha?" Nikarudisha pini mdomoni, nikaendelea na pindo lake.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuubeba uongo wangu. Mwaka jana nilikuambia nafasi zimejaa. Hazikujaa. Direktrisi wa ekole alinipa karatasi ya Kifaransa niijaze mbele ya wanawake wengine. Kiswahili nimejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia sambusa. Kifaransa hakuna anayefungia sambusa. Nikasema miwani nimeisahau, nikamshika mtoto mkono, tukaondoka. Miwani sina, Amur, sijawahi kuwa nayo. Mwaka mzima mwanao amekosa shule kwa sababu ya haya yangu, na wewe ukalilaumu jiji.

Jana nimerudi ekole. Nikamwambia direktrisi, mbele ya watu, kwamba Kifaransa sisomi, anisomee. Akanisomea mstari kwa mstari. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisogeza kiti chake karibu, akawa anasikiliza na karatasi yake mkononi.

Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii. Kila mahali pamejazwa isipokuwa saini ya baba. Dereva Révérien, anayekuletea barua hii, anageuza kurudi huku Ijumaa. Ukiitia saini ukampa airudishe, mtoto ataanza hapa Septemba, nami nitamsindikiza kila asubuhi. Usipoitia, nimeelewa, nitamfungia nguo zake vizuri, na sitakulaumu.

Nisalimie wote hapo nyumbani kwako. Spès anakusalimu, na Ruqaya anakubusu mkono.

Nisamehe.

Ni mimi dada yako,
Mahfudha