Maji ya Chemchemi Niliyoyamwaga

Skolastika mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika kaka zangu wote, nimemzika bibi yako, na hata simba aliyetumalizia mbuzi zamani alikufa akaniacha hai. Niliishia darasa la pili, lakini barua hii naandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtu.

Ulipochaguliwa kwenda Dar kwenye ile kozi ya likizo, ya wanafunzi wa sekondari wanaotafuta uhai kwenye sayari nyingine na kuvitumikisha vijidudu, mliambiwa kila mmoja abebe kitu cha kwao cha kupimwa. Ukanivuta mpaka Mpimbwe nilikozaliwa, kwenye chemchemi ya moto. Ukachota maji na ule utelezi wa kijani.

"Babu, kama hiki kinaishi kwenye maji ya kuunguza, hata huko juu kitakuwepo kinachoishi."

Nikakujibu, "Mimi nimeishi Mpanda kabla ya lami. Wanipeleke mimi."

Ukacheka. "We mzee, huko hakuna ugoro!"

Chupa ukaiweka chini ya kitanda changu. Hukuniuliza. Mama yangu alitufundisha kwamba maji ya chemchemi ile hayalali ndani ya nyumba. Yakilala, mwenye nyumba haamki. Ulipokwenda kuaga kanisani nikayamwaga kwenye kichuguu, nikajaza ya kisimani na utelezi wa kwenye pipa letu, nikafunga kifuniko vilevile. Nilijiona mjanja.

Huko wakapima. Ukanipigia.

"Babu, wanasema huu utelezi ni wa kwenye pipa. Wanasema nimewadanganya, chemchemi sikufika. Uliigusa chupa?"

"Mimi? Niguse uchafu wako?"

Ukakata simu. Misimu miwili ya mvua imepita, hujapiga tena.

Watu wanadhani nalia. Silii. Nakula, nalala, naamka. Kifuani pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Wiki iliyopita nilipanda basi peke yangu, na umri huu, nikachota tena. Chupa iko chini ya kitanda. Inalala humo na mimi naamka. Hata hofu sina.

Waoneshe walimu wako barua hii. Hukudanganya wewe, nilidanganya mimi. Wakikataa, wamuulize Mama Kashindi, jirani yetu hapa Misunkumilo. Alikuwa anapepeta mchele uani kwake, akaniona namwaga, akasema, "Mzee, utamponza mtoto." Nikamwambia anyamaze. Amenyamaza mpaka leo.

Nimemruhusu aseme.

Mume wako mzee,
Babu