Balbu ya Juu ya Ngazi

Wanangu,

Baba yenu amelazwa, nami nimempelekea nguo. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipasheni moto. Mkipanda ngazi tumieni tochi.

Leo asubuhi balbu ya juu ya ngazi iliungua tena, ya tatu mwaka huu. Nikamwambia, "Baba watoto, mwite fundi." Akacheka. "Fundi wa nini, na mimi nina miguu?" Akaweka kiti juu ya meza, akapanda, nikamshikia kiti. ~~Akateleza.~~ Simu yangu ikalia, nikakiachia.

Nyonga imevunjika. Daktari hana hakika kama atatembea tena.

Wewe mkubwa, pitia duka la umeme uulize balbu za LED, zile zinazodumu miaka. Muuzaji alinisihi nizichukue tangu mwaka jana, nikamwambia nitarudi. Azifunge fundi, siyo wewe, hata kama una urefu wa mlingoti.

Kwenye gari la wagonjwa, huku ameuma meno kwa maumivu, baba yenu aliniambia, "Watoto waambie niliteleza." Nimejaribu, mnaona hapo juu nilipofuta. Mkono umekataa.

Mama yenu